Mshumaa wa Mama Rahel

Kaltuma alipoajiriwa kwa Mama Rahel, bibi wa Kiyahudi aliyehamia Malindi baada ya kufiwa na mumewe, jambo la kwanza alilofundishwa ni vyombo. Vya nyama rafu ya kushoto, vya maziwa rafu ya kulia, wala visikutane hata kwenye karai la kuoshea.

"Mlaji mmoja, vijiko vya mkahawa," Lewa, mtunza bustani, alimtania.

Kaltuma hakuona ajabu. Kwao, mtaa wa Barani, pia kulikuwa na halali na haramu. Akajifunza upesi, na mwanawe Tumu akaanza kutambaa kwenye sakafu ya nyumba ile.

Agosti ya mwaka 1984, jua likichwa, Mama Rahel aliwasha mshumaa mnene ndani ya gilasi. "Wa mama yangu, siku aliyofariki," alisema. "Unawaka usiku na mchana mpaka uzimike wenyewe."

Kesho yake mchana akaenda kujinyoosha. Upepo ukapeperusha pazia hadi karibu na mwali, na Tumu kalala mkekani hapo hapo chini. Kaltuma akaupuliza. Angeweza kuusogeza tu, lakini pumzi ilitangulia akili. Saa nzima baadaye, aliposikia kitanda kikilia chumbani, ndipo alipokimbilia kibiriti, akauwasha tena.

Asubuhi iliyofuata Mama Rahel alimpokea mlangoni, macho mekundu.

"Kaltuma, miaka yote huzimika magharibi. Jana nimekula, nimeosha sahani, bado unawaka. Nadhani mama hakutaka kuniacha peke yangu."

"Labda, mama," Kaltuma akasema, akapita jikoni kuchagua mchele.

Oktoba ikaingia. Siku moja Mama Rahel akaja jikoni, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kama mtu wa nyumbani.

"Jioni naanza kufunga. Ni siku yetu ya toba. Kwetu, ukimkosea Mungu unamwomba Mungu. Ukimkosea mtu, Mungu hakusamehe mpaka umwendee mwenyewe. Juzi nilikufokea kwa ajili ya kijiko. Nisamehe."

Kaltuma hakuwahi kuombwa radhi na mwajiri. "Nimekusamehe, mama. Duniani na akhera."

"Na wewe, huna la kuniambia?"

Lilikuwepo, limefika kwenye ulimi. Akautazama uso ule uliotulia tangu Agosti, akaona akisema atakuwa amemnyang'anya bibi wa watu mama yake.

"Sina, mama."

Januari Mama Rahel akapelekwa Nairobi kutibiwa. Hakurudi. Lewa ndiye aliyempa Kaltuma habari za msiba, langoni, kisha akamkabidhi sufuria ndogo kutoka rafu ya kulia.

"Alisema upewe wewe. Alisema wewe ni mwaminifu."

Kaltuma akaipokea kwa mikono miwili, asijue atazame wapi.

Sasa Tumu anasoma darasa la kwanza. Jana Athman, mume wa Kaltuma, alileta nyama, akaishika sufuria ile aiteleke.

"Hiyo ya maziwa tu," Kaltuma akasema, akaitoa mkononi mwake.

"Kwani ina mwenyewe?"

"Inaye."

Athman akacheka, akatafuta nyingine. Kaltuma akaifuta na kuirudisha mahali pake, kulia. Hilo la sufuria aliweza kulitunza. Lile la mshumaa hakuwa na pa kulipeleka tena.