Betri ya Baba na Bosi wa Mwisho

Sisi tuliokulia Shanwe enzi zile umeme wa Mpanda haujafika mtaani kwetu, tuliishi kwa betri ya gari. Ya kwetu ilikaa pembeni ya tivii ya chogo, isiyo na rangi, na kila Ijumaa kaka yangu Saidi aliifunga kwenye keria ya baiskeli akaipeleka kuchajiwa kwa mwenye mashine ya kusaga. Ikirudi, Baba alitusomea sheria yake ileile: "Betri ni ya habari na mpira. Geimu nusu saa, basi."

Geimu yenyewe alituletea mjomba kwa treni kutoka Tabora. Ilikuwa na pedi mbili za kuchezea zenye nyaya fupi, ikabidi tukae mkekani karibu kabisa na kioo, na kaseti moja ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo mia tisa. Tulipoihesabu tukakuta kumi na miwili, mingine ni hiyohiyo imebadilishwa majina. Katika hiyo tuliupenda mmoja tu, wa askari wawili wanaokimbia msituni wakipiga risasi. Kila mmoja roho tatu, zikiisha mnarudi mwanzo kabisa. Saidi ndiye stelingi, mimi nyuma yake, na kila shimo tulilijua kwa kuliangukia.

Leo mimi ni mama wa watu. Nina duka la vifaa vya shule, na nikifunga jioni mgongo unaniuma. Lakini bado nacheza, tena sana, hivi vigeimu vipya vinavyojifanya vya zamani, vinavyotengenezwa na mtu mmoja au wawili wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Niseme ukweli: vingi vinanichosha. Picha za viboksi viboksi wameziweza, muziki wa kulialia kama saa ya mkononi wameuweza, na wengine wanaweka hadi mistari ya kioo kibovu kwa makusudi. Mistari ambayo sisi tulikuwa tunaipigia tivii makofi ili itoke! Halafu ukianza tu unafundishwa: bonyeza hapa uruke. Humgusi adui mpaka kwanza usome masaibu ya stelingi tangu alipofiwa na wazazi. Ukifa unafufuka hatua mbili nyuma, kama vile hakuna kilichotokea. Vingine ndiyo balaa, kila ukifa vinapanga njia upya, kwa hiyo ulichojifunza jana leo hakikusaidii. Mimi sihitaji geimu ya kunishangaza kila siku, biashara inanishangaza vya kutosha.

Sivikatai vyote. Kuna kimoja kidogo cha binti mwenye panga ambacho kuruka kwake kuna uzito, na ukikosea unajua kosa ni lako. Hicho nakiheshimu. Na hivyo vya zamani tusivipambe, vingi vilikuwa vibovu na vya kuonea watu. Ila binti yangu Rehema hanielewi kabisa. Yeye na wenzake wanakaa kumtazama mtu mwingine akicheza mtandaoni, wanashangilia, bila wao kushika chochote. Siku nilipomweleza kwamba mimi na mjomba wake Saidi hatukuwahi kuuona mwisho wa ule mchezo wa askari, akaniambia, "Sasa Mama, si uangalie tu mtandaoni? Dakika mbili." Nilimtuma akaoshe vyombo.

Hatukuuona kwa sababu yangu. Saidi alikuwa anahamia Kibaoni kwa baba mkubwa, asome huko na kumsaidia mashamba ya mpunga, na siku yake ya mwisho nyumbani ikaangukia Jumamosi. Baba alikuwa dukani. Jioni alikuwa amealika majirani waje kutazama mpira. Mchana tukacheza nusu saa yetu, tukamfikia bosi wa mwisho, yule adui mkubwa anayefunga mchezo, kwa mara ya kwanza maishani mwetu, tukafa. Saidi akaweka pedi chini. "Inatosha. Betri ya Baba hii."

"Mara moja tu, Kaka," nikamwambia. "Kesho haupo."

Tukarudia, na tukarudia tena. Waliotumia betri wanajua inavyokwisha: picha huanza kujikunja kutoka pembeni. Tulipomfikia bosi mara ya pili picha ilikuwa imebaki kama sahani, baadaye kama kiberiti, nasi tumesogea hadi pua zinagusa kioo, tunampiga risasi bosi mdogo kama sisimizi. Kikabaki kidoa cheupe katikati, nacho kikazimika.

Jioni majirani wakaja na viti vyao. Baba aliunganisha nyaya mara tatu, akaishika betri kama anayempima mtoto homa, kisha akawaomba radhi wageni wake. Walipoondoka akauliza ni nani. Saidi akawahi kujibu, "Mimi, Baba. Yeye alikuwa nje." Akachapwa yeye. Mimi nilisimama mlangoni, sikufungua mdomo. Asubuhi akaondoka, na wiki hiyohiyo Baba akaigawa geimu.

Mwezi uliopita Saidi alikuja Mpanda kupimwa macho, akafikia kwangu. Ni mkulima mtu mzima sasa, mikono imekakamaa, hacheki hovyo. Mchezo ule nilikuwa nimeupata, kuna mtu kauweka kwenye simu na unaweza kuunganisha na tivii. Alasiri nikamshikisha pedi. Vidole vyake vilikuwa vizito, tukafa mwanzoni kabisa.

"Mwaju, mimi nimechoka," akasema. "Na kesho gari ni saa kumi na mbili."

Niliogopa ataondoka tena hatujamaliza. Basi mimi huyu ninayevisema vigeimu vya kisasa nikafanya kilekile ninachokilaani, nikawa nauhifadhi mchezo pale ulipofika, kila askari wetu wakipiga hatua tano. Tukifa, tunafufuka. Sikuona aibu hata chembe. Tukaenda hivyohivyo mpaka kwa bosi, akaanguka kwa risasi ya Saidi. Askari wawili wakapunga mikono juu ya kilima, yakatokea maneno matatu ya Kiingereza, mchezo ukarudi mwanzo.

"Ndo hiyo tu?" Saidi akauliza.

"Ndo hiyo."

Tulicheka mpaka akafuta machozi. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. "Kaka, ile siku ya betri ni mimi niliyekung'ang'aniza. Nilinyamaza ukapigwa bure. Nisamehe."

"Mbona Baba alijua," akasema. "Asubuhi ile alinisindikiza stendi, akaninunulia maandazi. Akaniambia, 'Najua ni yule mdogo wako. Usimwambie kitu. Nataka aje aniambie mwenyewe.'"

Vigeimu vya siku hizi vinakuuliza kila unapoanguka kama unataka kurudia. Baba hakuwa wa kuuliza. Aliishi miaka kumi na minane baada ya siku ile, na miaka hiyo yote nilimpelekea chai yake ya jioni, nikakaa naye, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi mpaka kikombe kinaisha. Kumbe alikuwa ananisubiri.