Kaseti Niliyomtumia Kaka

Watoto wangu hulalamika kwamba simu ndiyo imeharibu watu. Mtu anamwandikia rafiki yake jambo la ndani, na kabla jua halijazama maneno yale yale yamepigwa picha na kuzungushwa kwa makundi yote, hata kundi la maombi. Huniambia, "Mama, nyinyi mlikuwa na bahati. Zamani mambo haya hayakuwako." Mimi huendelea kumenya viazi. Simu siipendi sana, lakini siwezi kuisingizia. Sauti yangu ilizunguka sokoni Mogogosiek kabla kijiji chetu hakijapata stima, na aliyeizungusha ni kaka yangu, mtoto wa mama yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Konoin. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikichuma majani ya chai katika shamba letu dogo, nikingoja kwenda chuo cha uuguzi. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alifanya kazi Nakuru katika duka la redio. Krismasi moja alitujia na redio kaseti ya milango miwili, nyeusi, ya betri, yenye mpini wa kubebea kama ndoo. Hakuna boma jirani lililokuwa na kitu kama hicho. Watu walikuja kusalimia baba huku macho yao yako mezani.

Kaka alitufundisha. Unabonyeza vitufe viwili pamoja, kile chekundu na mwenzake, halafu unaongea. Baba aliongea kwanza. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupima maneno, na aliiambia redio habari za mvua ya mawe iliyochana majani yetu yote ya upande wa mtoni. Mama alipopewa nafasi alisogeza mdomo karibu akasema, "Chamgei?" Kisha akanyamaza, akingoja redio imwitikie kama mtu anavyoitikia salamu. Tulicheka mpaka baba akafuta machozi. Mama hakuona cha kuchekwa. "Kama haijui kuitikia," alisema, "nitaiambia nini?"

Kaka alipoondoka aliacha kaseti kadhaa tupu. Alinivuta kando pale kwenye tangi la maji, akanipa moja mkononi.

"Hii ni yako," alisema. "Barua yako ikija kwa sanduku la kanisa, kila mtu ataipapasa. Ukiwa na jambo, ongea humu. Nitasikia mimi."

Alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilikuwa nimelia kwa shati lake nilipofukuzwa shule ya msingi kwa sababu ya sare. Kwa nini nisimwamini?

Tukawa tunatumiana kaseti. Jirani yetu aliendesha lori lililobeba chai kutoka kiwandani kwenda Mombasa, na akipita Nakuru alisimama dukani na kumpa kaka kaseti yetu. Akirudi alileta jibu. Jioni tulikaa wote kumsikiza. Alitueleza habari za mjini, alitaja watu waliohamia huko, alikohoa, akacheka. Mama alikuwa akimjibu papo hapo, akimkemea avae sweta.

Baada ya miezi michache baba aliniita sebuleni. Aliniambia kwamba kuna mtu ameniulizia, mtu wa upande wa Sigowet, mwenye biashara mjini, Mkristo. Wazee wake wangekuja wakati wa Pasaka kwa mazungumzo ya posa, yale tunayoita koito.

"Na chuo?" niliuliza.

"Chuo hakihami," baba alisema.

"Baba, mimi huyo mtu simjui."

"Mama yako pia hakunijua."

Alinyoosha mkono akafungua redio, taarifa ya habari ikaanza. Mazungumzo yakawa yameisha. Mama alikuwa mlangoni ameshika kibuyu. Alinitazama, akaangalia chini.

Kesho yake, wote walipokwenda kanisani kufagia, nilisema kichwa kinaniuma. Nilichukua redio nikaenda nayo ghala ya mahindi, nikakaa juu ya gunia. Mvua ilikuwa ikipiga mabati na ilinibidi ningoje ipungue. Nilibonyeza vile vitufe viwili. Maneno niliyosema nayakumbuka kwa sababu niliyasikia tena mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nilisema, "Kaka, ni mimi. Uko peke yako? Kama hauko peke yako, zima kwanza."

Nikangoja kidogo, ili apate nafasi ya kuzima. Nilikuwa mtoto wa mama yangu kweli.

Halafu nikamweleza. Kwamba nimeposwa na mtu ambaye sijawahi kuona hata kivuli chake. Kwamba nataka kuwa muuguzi, na yeye anajua tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikifunga ndama bandeji. Nilimwomba aje azungumze na baba kabla ya Pasaka, maana baba anamheshimu. Nikasema, "Mimi baba hanisikizi. Baba anasikiza redio kuliko mimi." Hapo nililia, na kilio kikaingia chote kwenye kaseti, na pua nikaipangusa, na hiyo pia ikaingia. Mwisho nikasema, "Usimwambie mtu. Ni wewe tu niko naye."

Nilimpa dereva wa lori ile kaseti. Alirudi mikono mitupu. Safari iliyofuata pia. "Kaka yako amesema atakuja mwenyewe," aliniambia. Siku hiyo nilichuma majani nikiimba. Niliona kwamba jambo langu ni zito hata kaseti haiwezi kulijibu, na kaka anakuja kulibeba kwa mabega yake.

Alikuja kweli, Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, siku ile ile ya wageni. Nilimkimbilia mpaka kwenye lango. Alinisalimia vizuri lakini hakunitazama sana. Nilidhani ni uchovu wa njia.

Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga chai. Sebuleni walikaa baba, mama, kaka, na senge, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kusimamia mapishi na adabu yangu. Nilimsikia kaka akisema, "Baba, afadhali umsikie sasa kabla wageni hawajafika. Asije akatuaibisha mbele yao."

Nikadhani ananiita. Nilijifuta mikono. Kisha nikasikia mvua ikipiga mabati, na nje jua lilikuwa likiwaka.

"Kaka, ni mimi. Uko peke yako? Kama hauko peke yako, zima kwanza."

Nilisimama mlangoni na trei ya vikombe. Hakuna aliyezima. Ile nafasi niliyoiacha ya yeye kuzima ilipita, ndefu, kila mtu akitazama redio, na kidole cha kaka kilikuwa pale pale karibu na kitufe. Nilikitazama kile kidole. Halafu nikaanza kusema yale yote. Msichana wa ndani ya redio hakujua kwamba baba yake amekaa mbele yake amevaa koti la Jumapili. Aliendelea tu. Alipofika kwenye maneno "Baba anasikiza redio kuliko mimi," senge alipiga makofi mara moja, akashika mdomo. Baba alisimama akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Mama ndiye aliyenyanyuka akaizima. Alibonyeza vitufe vyote mpaka akapata kinachonyamazisha.

"Umefanya nini?" alimwuliza kaka.

"Mama, ni lazima baba ajue."

"Amekuambia usimwambie mtu. Mimi mwenyewe nimesikia sasa hivi."

Mimi niliweka trei chini, polepole, maana vikombe vilikuwa vya kuazima.

Wageni walifika kabla hatujapata mahali pa kuweka nyuso zetu. Walikuwa wazee wawili, mama mmoja, na bwana mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, safi, mwenye kalamu mfukoni mwa shati. Walipewa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, wakaombewa, wakakaa. Mzee wao alipoanza maneno ya kuzunguka, ya kwamba wamepotelewa na ndama na nyayo zake zimewaleta kwetu, yule bwana aliinua mkono akaomba radhi, akamgeukia baba.

"Mzee, niseme ukweli. Mimi nilitaka sana kuja hapa. Kijana wako ananifanyia kazi vizuri, na yeye ndiye aliniambia ana dada. Lakini hiyo kaseti ilifunguliwa dukani kwangu. Mimi nilisikia, na mafundi wangu wakasikia. Nilimwambia kijana tuache, akasema hizo ni akili za kitoto, zitaisha. Nimekaa nikawaza njia yote. Siwezi kuoa mtu ambaye mafundi wangu wote wanajua hanitaki."

Alipomaliza alitazama redio iliyokuwa mezani juu ya kitambaa cha mama cha kufuma.

"Na hii mkae nayo," aliongeza. "Niliitoa kwa moyo safi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kila kitu kwa wakati mmoja. Redio haikuwa ya kaka. Yule mtu alikuwa bosi wake. Aliyenitafutia mume alikuwa kaka yangu, na mimi nilikuwa nimemlilia yeye aniokoe. Nilitazama uso wake nikitafuta yule aliyekuwa akinibeba mgongoni, na nilimwona, alikuwa ni yeye yule, hakuwa amebadilika hata kidogo. Hilo ndilo liliniumiza.

Wageni walikunywa chai yao kwa adabu wakaenda. Senge alikusanya leso yake akaniambia, "Sasa wewe umeachwa hata kabla ya kuchukuliwa."

Nilimkuta kaka nyuma ya zizi la ndama.

"Kwa nini ulimpa asikie?" nilimwuliza.

"Sikumpa. Nilikuwa nasikiza dukani, akaingia."

"Nilisema uzime."

Alikuna ukuta wa zizi kwa ukucha. "Yeye ndiye amenipa kazi. Nikizima mbele yake ataona namficha kitu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni dada yangu," alisema, kama mtu anayeeleza jambo rahisi. "Kazi inaweza kuisha kesho. Wewe utakuwa dada yangu tu."

Mpaka leo sijasikia neno baya kuliko hilo, na alilisema kwa upole.

Nilidhani yameisha. Lakini duka la redio ni duka la redio. Mmoja wa wale mafundi alikuwa ameitolea kopi kwa mashine ya milango miwili, na kopi ikapata kopi nyingine, na mojawapo ikapanda milima ikaja kwetu. Sijui nani aliileta. Ninachojua ni kwamba siku moja ya soko nilipita karibu na kinyozi na kikapu changu, kijana mmoja akapaza sauti nyembamba ya kike: "Zima kwanza!" Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Wiki chache baadaye ulikuwa msemo. Mtu akiongea sana anaambiwa, zima kwanza. Makanga akipiga kelele, zima kwanza. Wengi hawakujua hata ulitoka wapi. Watoto wangu wangesema nilitrendi. Nilijifunza kupita njia ya mtoni, yenye matope na siafu, ili nisipite madukani.

Kaka alirudi Nakuru kazini kwake. Baba hakunikemea. Hakuniambia chochote, na hilo lilikuwa zito zaidi. Redio ilifunikwa kitambaa. Jioni tulisikia jiko tu, na kuni zikipasuka.

Kisha ikafika asubuhi moja kwenye kituo cha majani. Tulikuwa kwenye foleni ya mizani, baba mbele, mimi nyuma yake, vikapu miguuni. Kijana mmoja wa kupakia magunia aliniona, akaita ile sauti nyembamba. "Zima kwanza!" Foleni ikacheka, hata wanawake.

Baba aligeuka. Alikuwa mtu mfupi, na alilazimika kuinua uso ili kumtazama yule kijana.

"Hapo mtoto wangu alikuwa anaomba mtu mmoja tu amsikize," alisema. "Unacheka nini hapo? Nieleze na mimi nicheke."

Kijana aliangalia gambuti zake.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwenye kiti," baba akaendelea, sasa akiiambia foleni nzima, "na mimi pia sikuzima."

Karani wa mizani aliita anayefuata. Baba alinyanyua kikapu changu kabla ya chake, akakitundika.

Njiani kurudi aliniuliza chuo kinafunguliwa lini. Nilimwambia. Akauliza ni masomo gani hasa, na muuguzi hufanya nini zamu ya usiku, na kama kweli mtu anaweza kuzoea damu. Aliuliza mpaka tukafika nyumbani, na kila nilipojibu alinyamaza mpaka nimalize.

Nilikwenda chuo, nikawa muuguzi, nikaolewa na mtu niliyemchagua. Baba alikufa mikononi mwangu, katika wodi niliyofanyia kazi, na naishukuru ile asubuhi ya kituo cha majani, maana bila hiyo tungezikana tukiwa wageni.

Kaka yangu yuko. Ana duka lake mwenyewe sasa, anauza simu. Hakuwahi kuomba msamaha, na nafikiri haoni wa nini. Mambo yalitengenezeka, mimi nina kazi, yeye ana duka. Tukikutana kwenye harusi tunashikana mikono na ananiuliza habari za nyumbani. Namwambia watoto wako salama, mvua imenyesha vizuri, majani yamechipuka. Namwambia mambo ambayo hata jirani wa mbali angemwambia. Yeye husikiza akitabasamu, na anaamini kwamba tunaongea.