Jela Iliyozungumzwa Ndani ya Basi

Juzi, katika basi la kwenda Downsview, huku ughaibuni tunakoishi, mama mmoja Mkongomani aliyekaa mbele yangu alikuwa akitazama picha kwenye simu ya binti yake, aliyekuwa ametoka kutembea Australia.

"Hili ni gereza la enzi za ukoloni, mama. Wafungwa waliletwa kwa meli kutoka Uingereza, wakachimba mawe, wakalijenga wenyewe."

"Walipomaliza?"

"Wakafungiwa humo humo. Sasa ni makumbusho."

Mama akaikuza picha kwa vidole viwili. Binti alikuwa amesimama ndani ya selo, anacheka.

"Chumba ni chembamba, niligusa kuta zote mbili," akasema.

"Baba yako naye alisema hivyo."

Binti akageuka. "Baba alifungwa?"

"Kabla hujazaliwa. Unadhani kwa nini hataki mlango wa chumba chake ufungwe?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Leo ndiyo umeleta habari za jela."

Binti akaiweka simu mapajani, akaanza kuuliza. Nami nikakipita kituo changu makusudi ili nisikilize. Watoto wetu wanavuka bahari kutazama jela za watu, kumbe aliyetoka jela wanakula naye meza moja.