Herufi za Mbwembwe

Mama wa duka la uchapaji ana herufi anazozipenda kuliko zote: za mtindo wa kizamani, nene, zenye mikia iliyojikunja na vivuli ubavuni, kama zile za mabango ya sinema ya zamani. Huzipanga kwenye kompyuta akizisemesha kwa sauti ya chini, “Sogea kidogo, bibie, usimkanyage mwenzio,” huku kidole kikigusagusa kioo. Kwa kadi za harusi na vibao vya saluni huzitoa kwa moyo mkunjufu. Kwa msiba hazitoi ng'o. Mteja akiziomba, humkata kauli: “Hizi zinacheka, ndugu yangu. Zitatuaibisha.”

Juzi alikuja mzee mmoja kuchapisha ratiba ya mazishi ya mkewe. Mama akampangia herufi nyembamba, zenye adabu zake. Mzee akalitazama jina la mkewe kwenye kioo, kisha akasema taratibu, “Mwanangu, huyu simjui. Mke wangu alikuwa akivaa viatu vyekundu hata akienda hospitali.” Mama akafuta kioo kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. Akabadilisha herufi moja baada ya nyingine, akarefusha mikia, akaongeza vivuli. Alipomgeuzia kioo, mzee aliangua kicheko huku machozi yakimtiririka.

“Ndiye huyo!” akasema. “Lakini mkuze tena, mwanangu, ajae ukurasa mzima. Hakuwa mtu wa kukaa pembeni.”