Niliomba Maji Ukweni Kitangari

Leo nimekataa soda ukweni. Ndiyo, ukweni!

Mama mkwe alishaifungua kabisa, ile ya machungwa, akanisogezea na sahani ya mihogo ya kukaanga.

Nikasema kwa adabu zote, "Mama, naomba maji tu. Sukari imenipanda, soda nimeacha."

Wifi yangu akaguna. "Mama Neema, hapa Kitangari soda ipo duka la jirani. Maji ndiyo shida. Bomba halijatoa maji tangu Jumapili na kisima kiko bondeni. Huko Masasi mmezoea vibaya!"

Kweli, nilisahau. Nilidhani naomba kitu rahisi.

Mnadhani nilikunywa ile soda? Thubutu!

Nikavua viatu vya mtoko, nikafunga kibwebwe, nikabeba ndoo. Kushuka raha, kupanda sasa! Wifi nyuma ananiita mkaidi. Aniite tu. Miguu ni yangu na sukari ni yangu.

Nikarudi natweta. Nikayachemsha, nikayapoza.

Mama mkwe yuko palepale, soda haijaguswa. Mbele yake kaweka vikombe viwili.

"Nimiminie na mimi," akasema taratibu. "Zahanati waliniambia niache soda tangu mwaka jana. Ila mgeni akija, naona aibu kumwacha anywe peke yake."

Haya, mnaosema nimemdharau mama mkwe, semeni hapo chini.

Sisi wawili tuko kikombe cha pili.