Figa Kwenye Foleni

Siku fundi mkuu aliposema mezani, "Kesho tunachinja," niliosha masufuria mawili makubwa kabla ya kurudi nyumbani. Nilikuwa msaidizi wa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya shamba la serikali la ngano, kwenye tambarare za Hanang, na ilikuwa imepita miezi mingi bila kupika nyama ya kutosha watu wote. Niliongeza kuni. Nilinoa kisu. Jioni nikawaambia wadogo zangu wawili kwamba kesho nitawaletea supu.

Kesho yake mafundi walikuja kula wakiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nikauliza ng'ombe yuko wapi. Walicheka mpaka mmoja wao akaweka kijiko chini.

"Dada, tumechinja kombaini," akasema. "Ile ya nne. Tumeitoa mikanda na beringi ili zile tatu ziweze kuvuna."

"Na mwakani?"

"Mwakani tunachinja ya tatu."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi mkuu akaniomba chumvi.

Ndivyo nilivyojua kwamba shamba linakufa. Waliokuwa wakisubiri kazi nje ya lango hawakujua, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu.

Wazazi wetu walishuka kutoka Nambis, kule juu Mbulu, waliposikia kuna kazi za ngano. Baba alitangulia kufariki, mama akamfuata baada ya msimu mmoja wa mvua. Mimi nilikuwa darasa la tano. Baada ya mazishi mjomba alikuja kutoka Masieda kutugawa: mimi niende kwa mwalimu mmoja kulea mtoto, mdogo wangu wa kiume akachunge, na mdogo wa kike, aliyekuwa bado anatambaa, mjomba aondoke naye. Nilimwamkia, nikampa maji, nikamwambia hatugawanywi. Alidhani natania. Sikurudi shule. Nililima kishamba chetu cha mahindi na maharage, na nilipokua kidogo nikapata kazi ya jikoni shambani.

Wakati wa hayo ninayoyaeleza, mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na minane. Alimaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama karibu darasa lake lote. Tangu utotoni alitaka kitu kimoja: kuendesha kombaini. Wakati wa mavuno alikaa pembeni mwa shamba kutwa nzima na kurudi mweupe kwa vumbi la makapi. Alikuwa akiichora mashine ile kwa mkaa ukutani kwetu, akinitajia sehemu zake moja moja: visu vya mbele, ngoma ya kupuria, machekecheo, feni, bomba la kumwagia. Nilimwacha aharibu ukuta.

Kazi za shamba zilianzia langoni, na langoni kulikuwa na foleni ya mawe. Zamani vijana walisimama wenyewe, tangu alfajiri mpaka jioni, siku nenda siku rudi. Kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama miezi, wakaanza kuacha mawe. Ulileta jiwe lako, ukaliweka nyuma ya la mwisho, ukaenda zako kulima au kucheza mpira. Wakihitajika watu, mlinzi anahesabu kuanzia mbele. Mlinzi huyo alikuwa mzee wa mikoa ya kusini, askari wa zamani, na aliyachukulia mawe yale kama kikosi. Mtu akijaribu kusogeza la kwake mbele, mzee anamfukuza kwa rungu. "Hapa jiwe ni mtu," alikuwa akisema. "Unamkanyaga mtu."

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria ya uji imeinama upande. Chini yake kulikuwa na mafiga mawili na tofali.

"Kaka amelichukua figa la tatu," mdogo wangu wa kike akasema. "Amesema tofali linatosha."

Mafiga yale baba aliyachagua korongoni siku walipohamia, kabla hajasimika hata nguzo moja. Mama hakupenda yaguswe; hata kufagia, alifagia kwa kuyazunguka. Mdogo wangu aliporudi nilimuuliza.

"Mawe mengine yote yanafanana, dada," akasema. "La kwetu lina masizi. Nani atabisha kwamba si langu?" Akacheka. "Wamenitania sana pale langoni. Mmoja kasema, 'Huyu kaja na jiko!' Mwingine kasema, 'Mwacheni, kesho ataleta sufuria, keshokutwa ataleta dada.'"

Nilicheka naye. Nilidhani ni la wiki mbili.

Lilikaa pale mwaka na zaidi. Kila asubuhi nikiingia kazini nililiona, jeusi kati ya mawe ya kijivu. Na kila asubuhi kulikuwa na jambo lingine la kuona. Nyumba za wataalamu wa kigeni zilifungwa moja baada ya nyingine, mapazia yakaachwa yakining'inia. Majani yaliota katikati ya magurudumu ya trekta. Korongo lililokuwa mbali na barabara lilikaribia kila mvua iliponyesha, mpaka likala kingo yake, na greda halikuja. Mama mmoja wa wafugaji, aliyekuwa akituletea maziwa jikoni, aliweka kibuyu chini akaniambia, "Ng'ombe wetu wameingia kwenye ngano jana. Hakuna aliyetupigia kelele." Hakuonekana kufurahi. Alisema kama mtu aliyepita nyumbani kwa jirani akakuta mlango wazi na hakuna anayeitika.

Mezani walizidi kupungua. Niliandaa sahani kumi na nne, kisha kumi, kisha sita.

Karibu na wakati huo mdogo wangu wa kike aliugua, nikampeleka hospitali ya Haydom kwa basi. Tukisubiri dawa nikazungumza na seremala mmoja, mtu wa Nambis aliyewafahamu wazazi wangu, ana karakana yake mjini. Nikamweleza habari za mdogo wangu wa kiume. Akasema, "Nina nafasi moja ya mwanafunzi. Aje Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu. Akichelewa nitachukua mwingine, maana wanaoitaka ni wengi."

Nilirudi nikiwa na furaha ya kijinga.

"Seremala?" mdogo wangu akasema. "Nikapige randa majeneza?"

"Vitanda. Milango."

"Dada, mimi ni wa sita sasa. Wa sita! Niliingia nikiwa wa thelathini na kitu."

"Foleni inasogea kwa sababu watu wanaondoa mawe yao. Hakuna anayeitwa."

"Nani kakwambia?"

"Dirisha la jikoni linatazama langoni. Nawaona."

Akasema taratibu, "Wewe unakula huko ndani. Kwako ni rahisi."

Nilimweleza habari ya kuchinja, na jinsi nilivyoosha masufuria. Akasema, "Mashine zikibaki chache, watahitaji mtu anayezijua vizuri." Kila nililomwambia alikuwa na jibu lake, na macho yake yalikuwa yakimeta. Niliogopa jinsi alivyokuwa akitumaini. Jumatatu ya seremala ilikuwa wiki moja mbele.

Jumapili, siku moja kabla yake, wakati wengi wako kanisani, nilikwenda langoni na kitenge cha kubebea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Aliona ninakoelekea. "Mwanangu, unamtoa mtu kwenye foleni."

"Ni jiwe la jikoni kwangu."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua leo."

Mzee alitazama ule mstari wa mawe, kisha akatazama majani yaliyokuwa yamefika magotini ndani ya uzio. "Chukua," akasema. "Siku hizi hata mimi sijui nalinda nini."

Nilililaza kichwani nikatembea nalo mpaka nyumbani. Nilitoa tofali, nikalirudisha mahali pake, nikawasha moto. Mdogo wangu alirudi kutoka mpirani akasimama mlangoni, akaliona.

"Umenitoa," akasema.

"Nimekurudisha."

Hakula. Nilimwonyesha nguo zake nilizokuwa nimefua na kukunja kwa safari, akageuka ukutani kwenye michoro yake. Asubuhi alikuwa ameondoka. Nguo zilikuwa pale pale.

Niliingia kazini nikiomba awe amepanda basi hivyo hivyo. Saa tatu malori manne makubwa yakaingia, vijana wakiyafuata mbio, na muda mfupi baadaye nikamsikia mzee langoni akihesabu kwa sauti ya kijeshi. "Jiwe la kwanza! La pili! La tatu!" Niliacha maji yakichemka, nikaenda dirishani. Walitakiwa watu wanane.

Mdogo wangu alikuwa pale. Mzee aliposema "la sita" alipiga hatua mbele, na kijana wa nyuma yake akapiga pia. Mzee alinyoosha rungu chini. Pale palipokuwa na figa palikwishazibwa; mawe ya nyuma yalikuwa yamesogezwa.

"Jiwe halipo, mtu hayupo," mzee akasema. Hakumtazama usoni. Wala hakusema ni nani aliyelitoa.

Wale wanane walipewa spana. Kazi yao ilikuwa kufungua kombaini zilizobaki na kuzipakia kwenye malori, vipande vipande. Mdogo wangu alisimama nje ya uzio, vidole vyake kwenye waya, akatazama siku nzima. Nilipomaliza kuosha vyombo nilimfuata. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nikasogea nikamsikia: "Visu. Ngoma. Machekecheo. Feni."

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Bora ningechinja mimi," akasema. "Angalau ningejua zilivyofungwa."

Kazi ile ilikwisha siku ya tano, lango likafungwa kwa mnyororo, na jikoni nikaambiwa nirudishe funguo. Wale wanane kijijini waliitwa wachinjaji, na mmoja wao alihama kwa sababu ya jina hilo. Lakini walikuwa wameitwa. Hilo hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, na mdogo wangu alilijua.

Jumatano ya wiki ile ile, kazi ikiwa bado inaendelea, mdogo wangu alikwenda Haydom. Alirudi kesho yake amejaa vumbi. Nafasi ilijazwa Jumatatu jioni.

Alinisaidia kuvuna maharage bila kunisemesha zaidi ya lazima. Kisha akasema anakwenda Mererani kwenye machimbo, vijana wengine watatu wanakwenda. Sikumzuia, nilikuwa nimekwisha kumzuia mara moja. Alipofunga mzigo wake alisimama jikoni akatazama chini.

"Usiyaguse hayo mafiga," akasema. "Nikirudi niyakute matatu."

Salamu zilikuja mara mbili. Za pili zililetwa na mtu aliyesema, "Yupo, anashuka shimoni," na nilipomuuliza shimo lina urefu gani, akaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo misimu miwili ilipita bila neno, kisha mingine. Nilimlea mdogo wa kike mpaka akamaliza darasa la saba. Naye hakuchaguliwa.

Akiwa na miaka kumi na minane, habari zikaanza kusikika sokoni. Anakuja mwekezaji. Analichukua shamba. Kuna mtu kaona gari jeupe likipita kwenye ngano iliyojiotea yenyewe. Nilikwenda kutazama. Mnyororo ulikuwa pale pale, umeshika kutu, na mzee hakuwepo tena wala hapakuwa na mlinzi mwingine. Lakini mbele ya lango, kwenye vumbi, kulikuwa na mawe saba mapya yamepangwa mstari mmoja.

Nilirudi nikamkuta mdogo wangu wa kike amechuchumaa jikoni, amesogeza sufuria pembeni, anapima kwa mkono.

"Dada," akasema, "kati ya haya matatu, lipi jepesi?"

Nilirudisha sufuria juu ya mafiga, nikaongeza kuni, na msimu ule wote sikuuacha moto uzime, usiku wala mchana, ili yasishikike.