Jinsi Nilivyopinda Barabara ya Serikali

Shule ya misheni niliiacha hesabu za kugawanya zilipoanza. Mpaka leo ukinipa ndizi saba niwagawie watu watatu, nitakula moja kwanza ili kazi iwe nyepesi. Lakini namba mpaka mia nilizijua, na wakati ule wa Wajerumani hapa Arusha mtu wa kusoma namba kwenye kamba ya kupimia alikuwa adimu. Basi nikawa mpiga vigingi.

Njia ya kutoka boma kushuka sokoni ilikuwa imekufa kabisa. Makaburu walipita na magari yao makubwa ya kuvutwa na ng'ombe, magurudumu yakachimba mitaro miwili, masika yakaja yakaunganisha mitaro ikawa mmoja. Mama mmoja wa Kijenge alitumbukia mle na kikapu cha maharage. Yeye walimtoa. Maharage yalibaki, yakaota.

Bwana Shauri, yule Mjerumani mkubwa wa boma, akaamua ijengwe upya: pana, mawe chini, changarawe juu. Akachora kwenye karatasi mstari ulionyooka kama mkuki. Kazi yangu ilikuwa kupigilia vigingi kulia na kushoto kufuata ile karatasi, na vikae mpaka Jumamosi atakapokuja kukagua.

Mnyapara wangu alinionya mapema. "Jumamosi kikikosekana hata kimoja, unarudi kwenye mawe."

Mawe niliyajua. Nilikuwa nimeyabeba kichwani miezi miwili kutoka mtoni Themi, pamoja na wenzangu waliokamatiwa kazi ya boma, mpaka shingo ikaingia mwilini kama ya kobe. Mke wangu alikuwa akinicheka kwamba nikitaka kugeuka inabidi nigeuke mzima. Sikutaka kurudi huko kwa namna yoyote.

Jumatatu nikapigilia vigingi arobaini, vizuri, vichwa nimevipaka rangi nyekundu. Jumanne asubuhi nikakuta kumi na viwili. Nikapigilia vingine. Jumatano nikakuta tisa. Mnyapara akasema labda ni fisi. Nikamwambia, "Fisi gani huyo anakula mti na kuacha mbuzi?"

Mchana nikarudi nyumbani kula, njaa na hasira vimenibana. Chungu cha ndizi kinachemka. Nikachungulia mafiga, nikaona kichwa chekundu kinaniangalia kutoka motoni.

"Mama we! Hicho nini?"

"Kuni," mke wangu akasema. "Nimempa mama mmoja sokoni mkungu wa ndizi, akanipa mzigo mzima. Zinawaka vizuri sana, zimekauka."

"Hizo ni kazi yangu hizo!"

Akakitazama kile kigingi, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nifanyeje? Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri.

Alipomaliza kucheka akajifuta macho. "Wewe ni Mmeru wa wapi? Unapiga mti mkavu chini halafu unashangaa watu wakiung'oa. Ungepanda sale, nani angegusa?"

Nilijiona mjinga. Sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani huku mlimani. Shamba na shamba, ndugu na ndugu, likishapandwa hapo limesema. Kuling'oa ni kujitafutia laana, na hata mwizi wa ng'ombe hulizunguka. Ningeweza kukata vipande vya masale nikavichomeka vyote siku moja.

Ila kuna jambo. Sale la mpaka halipandwi na mtu mmoja. Lazima wenye ardhi wa pande zote wawepo, waone, wakubali. Ukilipanda peke yako ni mti tu, na mti tu ni kuni.

Alhamisi nikaenda kwa mzee aliyesimamia mfereji wa maji, maana mfereji wake ulipita karibu na ile njia, na neno lake ndilo wenye migomba wote walilifuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepanda kuni barabarani?"

Kumbe habari ilishafika. Nikamweleza yote, na ya mawe pia. Akachukua fimbo yake tukaenda, yeye na wenye mashamba, tukatembea ule mstari wa karatasi hatua kwa hatua. Kila penye makubaliano walichomeka sale kulia na kushoto, na mwenye shamba akashika shina kwa mkono wake. Tukafika chini kidogo ya mfereji, mzee akasimama.

"Hapa hapana."

"Baba, karatasi inasema hapa."

"Karatasi imewahi kulala hapa masika? Maji ya mfereji yakizidi, hapa ndipo yanapopita. Tangu babu. Barabara yenu itaoga kila siku."

"Sasa nifanyeje?"

"Pindeni. Hatua ishirini juu, kwenye mwamba. Hapo nitapanda. Hapa sipandi, na wenzangu hawapandi."

Nilikuwa na njia mbili: mstari ulionyooka usio na vigingi, au vigingi kwenye mstari uliopinda. Nikapinda barabara ya serikali.

Ijumaa masale yote yalikuwepo. Jumamosi yote yalikuwepo. Nilimwona mchungaji wa Ngaramtoni akiwasukuma ng'ombe wake kando wasiyakanyage, nikataka kumkumbatia.

Bwana Shauri akaja na karatasi yake, mnyapara nyuma yake. Akatembea, akayahesabu masale kama vigingi, akaridhika, mpaka alipofika penye kona. Akageuza karatasi, akageuza kichwa.

"Hii nini? Nani amepinda?"

Mnyapara akarudi hatua mbili ili nionekane vizuri.

"Mimi, Bwana," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Hapo chini ni njia ya maji."

"Maji gani? Mimi naona vumbi!"

Mzee wa mfereji alikuwa amesimama kando muda wote huo. Akapanda taratibu mpaka kwenye kizuizi cha mfereji, akalivuta tope kwa jembe mara tatu. Maji yakashuka. Hayakuuliza mtu. Yalifuata ule mstari wa karatasi kama yaliyousoma, yakafika kwenye viatu vya Bwana Shauri, yakaingia.

Mimi tayari nilikuwa nayahisi mawe kichwani.

Bwana Shauri akatazama viatu. Akatazama ile kona juu, kavu kabisa. Akatoa kalamu, akaweka karatasi kwenye mgongo wa mnyapara, akachora kona. Kisha akaniuliza mzee yule anataka daraja la mawe la kupitisha maji ya mfereji chini ya barabara lenye upana gani.

Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakapiga vigelegele, na mzee akajibu kwa kunyoosha mikono yote miwili, mbali kadiri alivyoweza.

"Andika hivyo," Bwana Shauri akaniambia, akanipa kalamu mimi.